Uzi wa Sweta kwenye Kipande cha Tatu

—tisini na mbili! Nimesema tisini na mbili, mbele ya watu wote, wakati kadi niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu huu inasema mia moja! Na bado niko hai, napumua, na kiti ni changu! Kiti changu, mwenzangu, usinicheke! Ngoja nikae. Ngoja nivue viatu kwanza, nimetoka kule natembea kama nakimbizwa.

Haya. Naanza mwanzo, maana hivi nilivyoingia hapa kwetu nikakukuta, utadhani nimechanganyikiwa.

Mama yangu mdogo unamjua, yule anayeendesha kreni ya makontena. Siku nzima yuko juu kwenye kibanda cha kioo, anashusha makontena kama anapanga mayai kwenye trei. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuwa anapotea. Bibi akaanza kusema kuna mwanaume. Mama naye akaruka hatua, akawa anauliza huyo mwanaume anafanya kazi gani. Kumbe wanaume wapo kweli, tena saba, ila wote wamevaa hedifoni na wanarusha ndege za kivita kwenye kompyuta. Mama Mdogo, na wao siku hizi wanamwita hivyo hivyo, ndiye mwanamke pekee, na ndiye ambaye hajawahi kugonga mlima hata mara moja. Nilipomfuata siku ya kwanza kumpeleleza, alinishika sikio akaniambia, "Ukisema nyumbani, mwanangu, nitakuning'iniza kwenye ile ndoano yangu." Sikusema. Bibi mpaka leo anamsubiri mkwe.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka la kutengeneza kompyuta. Unapita katikati ya printa zilizopasuliwa matumbo, unainua pazia la plastiki, unakuta meza nne, skrini, nyaya zimebandikwa sakafuni watu wasijikwae, na feni moja inayogeuza shingo. Ikifika kushoto inakwama, inatetemeka, mpaka mtu aipige kofi. Mwenye duka tunamwita Mnara. Si kwa urefu, maana mimi namzidi. Alifanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege miaka ishirini na tisa, na alipostaafu akaona hawezi kukaa nyumbani bila kumwambia mtu ateremke saa ngapi.

Sasa usidhani ni ule mchezo wa kufyatua fyatua tu. Pale watu wanapanga siku nne, wanaruka dakika tisa. Tatizo ni rada. Ukiruka juu, rada ya adui inakuona, kombora linakuja, habari yako imeisha. Kwa hiyo unaruka chini, mita hamsini kutoka ardhini, unajificha nyuma ya vilima na ndani ya mabonde. Lakini huko chini huoni mbali, na ndege inakula mita mia mbili na hamsini kila sekunde. Ukipiga chafya, umeshapita kijiji. Na Mnara amezima vitu vyote vinavyokuonyesha uko wapi. Hakuna ramani kwenye skrini, hakuna mshale wa kukuambia pita huku. Una dira, una saa, na una kadi iliyofungwa pajani. Kadi inasema shika uelekeo huu kwa sekunde hizi, halafu geuka. Basi, mengine ni imani.

Anayeandika hiyo kadi anaitwa mpanga njia. Yeye harushi ndege. Wenzake wakiruka, yeye anakaa kwenye kiti kilichogeuzwa ukutani, mgongo kwa skrini. Haruhusiwi kugeuka, haruhusiwi kufungua mdomo. Mnara anasema kadi ikishakutoka mkononi imekutoka, na kama unaisaidia kwa mdomo basi hukuandika kadi, uliandika salamu. Kuna upenyo mmoja tu. Rubani kiongozi ana swali moja kwa safari nzima, na mpanga njia anamjibu kwa namba tupu. Hakuna "samahani", hakuna "nafikiri". Na akitaja namba ambayo si ile ya kwenye kadi, kadi inahesabiwa imekufa.

Mpanga njia wao wa zamani alihamishwa kikazi, kiti kikabaki wazi. Tukakitaka wawili, mimi na Profesa.

Mimi kurusha siwezi. Nilijaribu mara moja, dunia ikazunguka, nikatapika kwenye ndoo ya taka ya Mnara, na yeye akaandika kwenye daftari lake "ndege moja, ndoo moja". Lakini ramani! Wewe unanijua mimi na ramani. Miaka mitatu chuoni nasoma upimaji, na tangu nimalize, kazi yangu ni kutoa fotokopi za vitambulisho vya watu. Siku Mnara alipotandika ile ramani mezani, na mistari yake ya miinuko imebanana kama alama za vidole, sikutaka kuondoka pale mezani. Niliwaza, nataka mtu mmoja tu duniani anipe ramani, aniambie, tuongoze. Hicho tu. Ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye kile kiti, ambacho hata mguu wake mmoja umewekewa kipande cha mpira wa ndala ili kisiyumbe.

Profesa ni mwalimu wa hesabu wa masomo ya ziada, kijana tu, ila anatembea kama ana miaka sitini, kalamu sikioni, bikari mfukoni. Mnara akatupa kila mmoja Jumamosi yake. Ambaye kadi yake inafikisha ndege kwenye shabaha kwa wakati, kiti chake. Wakati wenyewe ni sekunde kumi mbele au kumi nyuma ya ulioandikwa, zaidi ya hapo huhesabiwi. Jumamosi iliyopita kadi ya Profesa ilifika salama, mabomu yakaanguka panapotakiwa, lakini kwa kuchelewa sekunde kumi na nne. Nusura alie. Mnara akasema, "Kadi ni nzima, imechelewa tu. Binti akiharibu wiki ijayo, kiti ni cha Profesa."

Binti akiharibu. Umesikia hiyo?

Basi wiki nzima nimelala juu ya ramani. Nimeitandika sakafuni sebuleni, Mama anapita anairuka kama dimbwi. Shabaha ilikuwa mtambo wa rada nyuma ya milima. Vipande viwili vya kwanza vya njia vimenyooka, hivyo nilivipima kwa rula, hakuna shida. Kipande cha tatu ndicho chenye maneno. Ni bonde limejipinda pinda kama utumbo. Unaanza saa kwenye bomba la kiwanda kilichobomoka, unafuata bonde, halafu unatoka kulia kwenye pengo la mlima. Ila mapengo yako matatu, yamefanana kama watoto wa tumbo moja. La kwanza na la tatu ni mifuko, ukiingia unakutana na mwamba na huna pa kugeukia. La katikati ndilo linalotokea upande wa pili, kwenye rada. Kutoka pengo moja hadi jingine ni kilomita mbili. Ni sekunde nane tu, mwenzangu. Kwa hiyo huwezi kuchagua kwa macho, unachagua kwa saa.

Kitu kilichopinda unakipimaje? Chuo walitufundisha: chukua uzi, ulaze juu yake kona kwa kona, kisha unyooshe kwenye rula. Nikachukua uzi mweupe wa kushonea. Juu ya karatasi nyeupe hauonekani, unateleza, unanitoroka. Pembeni kuna kapu la Mama la kufumia masweta ya shule, na juu yake bunda la uzi mwekundu, mnene, mzuri, unakaa pale unapouweka. Nikakata kipande. Nikaulaza ndani ya bonde taratibu, naubana kwa vidole, nikafunga fundo mwanzo na fundo mwisho. Nikaupeleka kwenye rula, nikauvuta ukanyooka kabisa. Sentimita ishirini na tano kamili!

Kwenye ile ramani sentimita moja ni kilomita moja, na kilomita moja ni sekunde nne. Fanya hesabu. Mia moja! Sekunde mia moja, namba ya mviringo kama imetoka kiwandani. Niliruka ruka sebuleni mpaka Mama akauliza nimeitwa kazini wapi. Nikaandika kadi kwa wino mweusi kwenye karatasi ya miraba ya daftari la hesabu. Na ule uzi, kwa furaha, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono kama bangili.

Leo mchana nimefika, Profesa akauona.

"Hii nini tena? Unapanga njia au unafuma sweta?"

"Nafuma la kukuvalisha wewe ukikosa kiti. Nasikia walioshindwa wanaona baridi."

"Nilidhani chuo mnapima kwa vifaa."

"Na mimi nilidhani bikari haichelewi sekunde kumi na nne."

Watu wakashangilia, mmoja akapiga meza. Profesa akaitoa kalamu sikioni, akairudisha. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Ndege zilikuwa mbili. Kiongozi ni Kinyozi, na ni kinyozi kweli, ana duka lake kona ya pili. Anashika usukani kwa vidole vitatu, kama anavyoshika wembe kwenye koo la mtu. Miaka minne anaongoza, na lile swali lake moja hajawahi kulitumia hata siku moja. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Mteja akikaa kwenye kiti changu, simuulizi kichwa chake kiko wapi." Ndege ya pili, Mama Mdogo. Kabla hajavaa hedifoni akanishika bega.

"Umepima vizuri, mwanangu?"

"Mama Mdogo! Mimi?"

"Nimeuliza tu. Mimi ndiye nimekuleta hapa."

Nikakaa kwenye kiti, uso ukutani. Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi na foleni ya sisimizi wanaoingia nyuma yake. Nakala ya kadi nimeiweka mapajani. Nyuma yangu nasikia Mnara, "Saa iko tayari. Rukeni."

Kipande cha kwanza, safi. Kinyozi anahesabu kwa sauti ya chini, reli ikatokea ilipotakiwa kutokea. Cha pili nacho safi, daraja likaja kwa sekunde yake hasa, na nikasikia Profesa anakohoa. Mimi natabasamu na sisimizi. Nimeshafungua uzi mkononi nauchezea, unajua tena vidole vyangu havitulii.

"Bomba la kiwanda," akasema Kinyozi.

"Naliona," Mama Mdogo.

"Saa sifuri. Sasa."

Kipande cha tatu kimeanza. Na mimi, hapo hapo, nimeshika fundo la mwanzo mkono huu na fundo la mwisho mkono huu, nikavuta.

Ukarefuka.

Nikaulegeza, ukarudi. Nikavuta tena, ukarefuka tena. Mwenzangu! Uzi wa sweta! Uzi wa sweta unavutika, ndiyo maana sweta linaingia kichwani! Mtoto wa mfumaji, nimekua katikati ya mabunda, nimevaa hayo masweta miaka kumi na mbili ya shule! Kwenye ramani niliulaza umelegea, kwenye rula nikaukaza kama kamba ya nguo. Ile mia moja yangu ya mviringo ilikuwa uongo mtupu.

Lakini uongo wa kiasi gani? Rula sina. Halafu nikaitazama kadi mapajani. Miraba! Kila mraba nusu sentimita. Nikaulaza uzi umelegea kwenye mstari wa kwanza, fundo pembeni kabisa, nahesabu. Miraba thelathini, karatasi ikaisha. Nikaukunja, nikaurudisha mstari wa pili. Moja, mbili, tatu, mraba mmoja nimeuhesabu mara mbili nikarudia. Kumi na sita. Thelathini na kumi na sita ni arobaini na sita. Nusu yake sentimita ishirini na tatu. Mara nne.

Tisini na mbili.

Sekunde nane. Yaani kilomita mbili, kutoka pengo la katikati mpaka pengo la tatu kama nilivyoyapima mwenyewe. Kadi yangu inawapeleka moja kwa moja kwenye mfuko, Kinyozi na nyuma yake Mama Mdogo, ambaye hajawahi kugonga kitu, si kazini wala hapa.

"Kona ya kushoto, sekunde arobaini," Kinyozi akasoma kadi.

"Arobaini ya nini, mbona kona ndiyo hii?" Mama Mdogo akasema. "Saa yangu ina thelathini na saba."

"Upepo huo, unatusukuma."

"Upepo gani? Mnara kaandika leo upepo sifuri."

Feni imekwama kushoto, inatetemeka, hakuna anayeipiga kofi.

"Nyoosha. Kadi inasema mia," Kinyozi akasema.

"Kaka, uliza."

"Siulizi."

"Uliza, una swali lako, unalihifadhi la nini, la kwenda nalo kaburini?"

"Mama Mdogo, tuko mita hamsini, naomba utulivu."

Mimi pale kwenye kiti nimeng'ata mtandio. Nawaza, nikipiga kelele nimevunja sheria, nimefukuzwa. Nikinyamaza wanakufa, kufa kwa skrini ndiyo, lakini Mama Mdogo atanitazamaje mezani? Na hapo hapo, nakuambia ukweli maana wewe sikufichi, kasauti kengine kakaniambia: asipouliza si kosa lako. Au akiuliza, mjibu mia. Mia ndiyo iliyoandikwa. Wakigonga utasema kona ilikuwa upepo, nani atajua? Uzi utautia mfukoni. Kiti labda utakikosa leo, lakini hakuna atakayejua kwamba msomi wa ramani alipima bonde kwa sweta. Nilikasikiliza hako kasauti kama sekunde tatu. Sekunde tatu ni mita mia saba na hamsini.

"Sabini," Kinyozi akahesabu. Halafu, taratibu, kama mtu anayetoa mfukoni kitu alichokitunza miaka, "Mpanga njia."

Nikaukunja uzi ndani ya kiganja.

"Kipande cha tatu, sekunde ngapi?"

Mpanga njia anajibu namba tupu, unakumbuka. Hakuna kujieleza. Kwenye mapaja yangu imeandikwa mia, kwa wino mweusi, na mwandiko wangu mzuri. Profesa yuko nyuma yangu na nakala yake. Wote wana nakala.

Nikasema, "Tisini na mbili."

Nikasikia kalamu imeanguka. Mtu akasema "Eh!" Mnara akasema "Kimya." Nikajua Kinyozi anawaza, maana kama mimi ndiye nimekosea sasa na kadi ndiyo iko sawa, namwingiza kwenye mwamba kwa mdomo wangu.

"Themanini na nne. Pengo la kwanza hili linapita," akasema. "Mama Mdogo, kaa karibu nami."

"Niko mgongoni kwako, kaka."

"Themanini na nane. Tisini." Akavuta pumzi. "Kulia, sasa."

Mwenzangu, hujui ukuta unavyoweza kuwa mkubwa. Sina cha kutazama, nina kalenda. Nasikia injini kwenye spika, nasikia Mama Mdogo anapumua kwa pua, anavyopumua akishusha kontena lenye vioo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nasubiri ule mlio, unaujua, skrini ikigonga mlima inatoa mlio kama sufuria imeanguka jikoni.

"Naona mwanga," akasema Kinyozi.

"Naona rada!" akapiga kelele Mama Mdogo. "Iko pale imekaa kama bibi harusi!"

Mabomu. Kelele. Mtu akaipiga feni kofi, ikageuka. Mnara akabonyeza stopwochi yake, akasoma, "Mapema sekunde nane. Ndani ya kumi. Shabaha imelipuka. Geuza kiti, binti."

Nikageuza kiti. Watu tisa wananitazama, na Profesa ameshasimama, ameinua nakala yake juu kama mwamuzi na kadi nyekundu.

"Mzee, sheria ni sheria. Kadi inasema mia, yeye kasema tisini na mbili. Kadi imekufa."

"Imekufa," Mnara akakubali. Akanigeukia. "Umeijua lini hiyo tisini na mbili?"

"Sasa hivi, Mzee. Nikiwa hapa kitini."

"Kwa kutumia nini?"

Nikainua uzi. Nikaushika mafundo yake mawili, nikauvuta mbele ya macho yao, nikaulegeza. Nikauvuta, nikaulegeza. Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Wa kwanza alikuwa Mama Mdogo. Alishika kichwa, akasema, "Huo si uzi wa dada yangu?" Akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Halafu Kinyozi. Halafu wote, yule wa meza akaipiga meza tena. Mnara peke yake hakucheka.

"Miaka mitatu ya chuo," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Sweta."

"La shule, Mzee."

Nilikuwa nimeshaamka, natafuta mkoba wangu. Nilishajiona Jumatatu kwenye fotokopi, nabana vitambulisho chini ya kifuniko. Ndipo Kinyozi akavua hedifoni, na ujue Kinyozi si mtu wa maneno, wateja wake wanalala kwa ukimya.

"Mzee, naomba niseme moja. Miaka minne naongoza. Nimepewa kadi za uongo nyingi, na si kwa ubaya, watu hukosea. Zote niligundua ni za uongo nikiwa ndani ya mlima. Yule wa zamani nilimwambia mara ngapi kona imekuja mapema, anajibu baadaye kwamba ni upepo. Ndiyo maana sikuwahi kulitumia swali langu. Nimuulize mtu swali moja ili aniambie nilichokishika pajani?" Akanionyesha kwa kidole. "Huyu nimemuuliza, akaniambia kadi yake ni mbovu, na mimi bado niko hewani. Mimi huyu namtaka ukutani pangu."

Profesa akasema, taratibu, "Lakini alipima kwa sweta."

"Atanunua uzi mwingine," Mama Mdogo akajibu kutoka sakafuni.

Mnara akaenda kwenye ukuta wa kadi zilizokufa, kuna kama thelathini pale, zimebanwa kwa pini. Akanipa kalamu nyekundu. "Andika kosa lako mwenyewe, kwa mwandiko huo huo mzuri." Nikaandika: *Kipande cha tatu kimepimwa kwa uzi unaovutika. Si 100, ni 92.* Akaibandika katikati kabisa, anayeingia tu aione. Halafu akachukua pini nyingine, akabana na ule uzi mwekundu pembeni yake.

"Kadi imekufa," akasema, "na itakaa hapo. Kiti ni jambo jingine. Jumamosi ijayo ni ndege nne, na ramani hii hapa." Akanipa ramani iliyokunjwa, mwenzangu, mikononi, hivi. "Tuongoze. Na usipime kwa nguo."

Tuongoze! Neno hilo hilo! Sijamwambia mtu yeyote duniani neno hilo, na yeye kalisema akiwa anatafuta miwani yake!

Basi nimeshikilia ramani nakimbilia pazia, na Profesa ananifuata. Nikajua yamekuja, atanichamba mpaka nikose njia. Tumefika katikati ya zile printa zilizopasuliwa, akaweka mkono mfukoni, akatoa bikari yake, ile anayolala nayo, akaniwekea juu ya ramani. Nikamwambia, "Profesa, hii ya nini?" Naye akainama, akaninong'oneza kosa alilokuwa amelificha kuhusu zile sekunde zake kumi na nne za wiki iliyopita, akageuka akaondoka, kalamu sikioni, masikio yote mawili mekundu...

Subiri. Mama anaita. Amesimama pale mlangoni na sweta la mtoto wa watu, mkono mmoja umekamilika na mwingine umekosa uzi wa mishono michache ya mwisho, na anauliza, kwa ule upole wake unaotisha, ni nani kwenye nyumba hii aliyekata uzi mwekundu. Ramani nimeikalia. Uzi uko ukutani kwa Mnara umepigwa pini. Na Mama Mdogo, mbeya huyo, yuko nyuma yake anacheka kimya kimya.

Nenda, nenda zako kwanza, usinione nikilia. Hilo la Profesa nakuletea Jumatatu asubuhi ukija kutoa fotokopi, uje mapema kabla ya foleni. Lete na uzi mwekundu ukiupata.